Dhahabu Iko Kwenye Marudio

Migodi mikubwa ikitangaza nafasi za kazi, stesheneri za Kahama na Geita hujaa tangu asubuhi. Vijana wanatoka Kakola, Katoro na Nyarugusu, vyeti vya ufundi vya VETA vimo kwenye bahasha ya kaki, kila mmoja anataka achapiwe barua ya Kiingereza. Nimekaa nyuma ya kompyuta moja ya namna hiyo miaka mingi, nachapa na kusahihisha. Foleni ikiwa ndefu watu huzungumza, na mazungumzo yakigusa Kiingereza nasikia madai yaleyale matano. Karibu kila dai lina chembe ya ukweli ndani yake, lakini mtu wa huku anajua kuwa chembe moja haijengi nyumba. Nayajibu moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: Kiingereza kizuri ni chenye maneno mazito.

Hili ndilo linalokula hela za watu kuliko yote. Kijana mmoja aliomba kazi ya udereva wa dampa. Barua aliyokuja nayo, aliyoinakili kwa rafiki yake, ilianza hivi: "With much due respect, the heading above is concerned. I hereby inform your esteemed office that I possess vast and robust experience." Nikamwuliza kwa Kiswahili: "Bwana mdogo, umeendesha nini, wapi, kwa muda gani?" Akajibu bila kusita: "Tipa, miaka minne. Nilikuwa nabeba mawe kutoka Nyarugusu kupeleka kwenye makarasha. Sijawahi kupata ajali." Nikaandika alichosema: "I drove a tipper truck for four years, carrying ore from Nyarugusu to the crushers. I have never had an accident." Akaisoma mara mbili, akakunja uso. "Mbona fupi hivyo, kaka? Watasema sijasoma."

Barua yake ya kwanza ingeweza kuwa ya mtu yeyote: mwalimu, mlinzi, hata mtu asiyejua usukani uko upande gani. Ya pili ni yake peke yake. Anayesoma mamia ya barua kwa siku anatafuta tipa, miaka minne na ajali sifuri, na hayo yamekaa kwenye mistari miwili.

Wenye lugha wenyewe wamehangaika na ugonjwa huu. Mwaka 1948 Ernest Gowers aliwaandikia watumishi wa serikali ya Uingereza kitabu kizima cha kuwasihi watumie maneno ya kawaida. Mwaka 1979 Chrissie Maher alianzisha huko kampeni ya Kiingereza chepesi. Marekani ilifika mbali zaidi: tangu 2010 ina sheria inayozitaka ofisi za serikali kuu ziandike kwa lugha ambayo mwananchi ataielewa. Wao wanayatupa maneno mazito, sisi tunayaokota na kulipia kuchapiwa.

Na tusikisingizie Kiingereza. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" tunaiandika kwa Kiswahili kila siku, na haimwambii msomaji kitu ambacho hajakiona. Anayeficha wazo nyuma ya maneno hulificha kwa lugha yoyote.

Dai la pili: Kiswahili ndicho kinachotuharibia Kiingereza.

Hapa chembe ya ukweli ipo, na ni vizuri tuipime. Kiswahili kinasema "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mama wa watu anaitwa "he" aya nzima. Kiswahili kinakubali niazime na nikuazime kwa kitenzi kimoja, ndiyo maana mfanyabiashara anamwandikia mteja wake "borrow me". Niliwahi kuchapa taarifa ya usalama ambayo mwandishi wake alisema "I heard a smell of smoke". Kwetu harufu husikiwa, hakuna ajabu. Kwa Kiingereza moshi hunuswa, na msimamizi mgeni akisoma sentensi ile atasimama kwanza kujiuliza, wakati taarifa ya moshi haitaki mtu asimame.

Lakini angalia: makosa haya yanahesabika. Yaandike kwenye daftari, kila kosa ukurasa wake, na sahihi yake pembeni. Miezi sita ikipita utakuta ni ishirini au thelathini yanayojirudia. Hiyo ni orodha ya kazi, wala haikutaki ukihame Kiswahili.

Kama dawa ingekuwa kukitupa Kiswahili, sekondari zetu zingekuwa zimepona siku nyingi, maana masomo yake hufundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza shule zetu wakaona kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo hayo. Kumwagiwa lugha kichwani hakumfanyi mtu aiandike. Kwa upande mwingine, Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akakua na Kiswahili, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza. Mwalimu Nyerere naye alizimudu lugha zote mbili kiasi cha kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Kijana wa tipa alikuwa na barua nzuri tayari, kwa Kiswahili, mdomoni. Kilichobaki ni kuivusha.

Dai la tatu: Maliza sarufi kwanza, kuandika kutafuata.

Wanaosema hivi huwa wana kitabu cha sarufi kilichochakaa kurasa kumi za mwanzo. Wako kwenye nyakati za vitenzi tangu kidato cha pili.

Jibu langu liko nje ya mlango wa stesheneri, kwenye machimbo. Mchimbaji mdogo anatoa mawe kwenye duara, yaani shimo lake la kuchimbia, anayasaga kwenye karasha, anaosha kwenye mwalo. Zebaki anayoichanganya hapo hukamata sehemu tu ya dhahabu, na nyingine inabaki mchangani. Mchanga huo tunauita marudio, na hakuna mwenye akili anayeutupa. Unapelekwa kwenye plenti, unalowekwa sayanaidi, unatoa dhahabu tena. Wapo watu waliojenga maghorofa kwa marudio ya wenzao.

Kuandika ni hivyohivyo. Rasimu ya kwanza ni mawe tu. Itoe ilivyo, na makosa yake. Andika sentensi tano kila jioni juu ya kitu ulichokiona siku hiyo: bei ya mchele Katoro, basi lililoharibika njiani, mvua iliyoingia duarani. Kesho yake zirudie. Zisome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, hapo pana tatizo. Kata neno lisilofanya kazi. Ndipo ufungue kitabu cha sarufi, ukitafuta jibu la kosa ulilonalo mkononi. Kanuni uliyoitafuta mwenyewe haisahauliki upesi kama ile uliyoikariri kwa ajili ya mtihani.

Dai la nne: Siku hizi akili mnemba inaandika yenyewe.

Inaandika, tena bila kosa la herufi. Tatizo ni kwamba haikujui. Nimeletewa barua tatu kwa siku moja, za watu wasiofahamiana, zenye aya moja ileile ya kujisifu. Nyingine ilimpa kijana ujuzi wa mitambo ambayo hajawahi kuigusa, naye hakujua, kwa sababu hakuielewa barua yake mwenyewe. Siku ya usaili ataulizwa juu ya kila mstari, na simu itakuwa imezimwa.

Itumie baada ya jasho lako. Andika kwanza, kisha iambie ikuonyeshe makosa na sababu zake, uyaingize kwenye daftari lako. Hapo imekuwa mwalimu. Ukiiachia kalamu, utabaki mteja wake maisha yote.

Dai la tano: Kiingereza kimepitwa, sasa ni zama za Kiswahili.

Hili nalipenda, na nusu yake naikubali kabisa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Jaji Zephrine Galeba alipandishwa kwenda Mahakama ya Rufani, na Rais Magufuli akamsifu hadharani kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili, katika shauri lililouhusu mgodi wa North Mara. Soko la madini la Geita, lililofunguliwa 2019, linaendeshwa kwa Kiswahili na Kisukuma, na dhahabu haijapungua uzito kwa sababu hiyo. Anayempima mtu akili kwa Kiingereza chake amekosea mizani.

Ila kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi itoe kipaumbele kwa kampuni za Watanzania: mboga, ulinzi, usafiri, vipuri. Zabuni hizo kwa kawaida huja kwa Kiingereza, na mikataba yake vilevile. Mama mwenye magari matatu anayeweza kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka ana mlango ambao mwenzake mwenye magari kumi anaupitia kwa kumlipa dalali.

Kwa hiyo ukija stesheneri, acha nyumbani barua ya rafiki yako. Njoo na ya kwako, ya mkono, iliyofutwafutwa na kurudiwa mara tatu. Kuichapa ni dakika kumi tu.