Aliyefanya kazi aruhusiwe kuitaja

Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012 inakumbukwa kwa mbio za David Rudisha. Wenye biashara wana sababu nyingine ya kuikumbuka.

Kampuni zilizopata zabuni za kujenga viwanja na kutoa huduma zilitia saini mikataba iliyozikataza kujitangaza kwa kazi hiyo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwao wakafungwa midomo. Wasanifu majengo walilalamika hadharani.

Sababu ya katazo inaeleweka. Coca-Cola, McDonald's na Visa walilipa fedha nyingi ili wawe peke yao. Ulinzi huo ulifika mbali: wauzaji wengine wa vyakula katika viwanja hivyo walizuiwa kuuza chipsi, isipokuwa pamoja na samaki!

Lakini kuchora zile pete tano kwenye tangazo ni jambo moja, na kuandika kwenye zabuni kwamba "paa lile tulilijenga sisi" ni jambo jingine. La kwanza ni mali ya mdhamini. La pili ni ukweli tu, na kwa kampuni ndogo ukweli huo ndio mtaji. Anayetoa zabuni huuliza kwanza: umewahi kufanya kazi ya namna hii wapi?

Sir John Armitt, aliyeongoza mamlaka ya ujenzi wa michezo hiyo, alishauri katazo lilegezwe. Januari 2013 ukaanza mpango wa leseni, na serikali ya Uingereza ikakilipa Chama cha Olimpiki cha nchi hiyo pauni milioni 2. Yaani walipa kodi walinunua ruhusa ya watu kutaja kazi yao wenyewe. Hata hivyo, waliokuwa katika biashara zinazogongana na za wadhamini waliachwa nje.

Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji wa AFCON ya 2027. Mashindano ya namna hiyo huhitaji maziwa, mayai, mboga na matunda, na vyama vya ushirika vitaletewa mikataba. Tunavishauri visiangalie bei ya kilo peke yake. Viombe kifungu kinachoruhusu kutaja kazi hiyo katika zabuni na maonyesho ya biashara, bila nembo ya mashindano. Mnunuzi akikataa, basi ukimya huo nao utiwe bei, kabla ya kutia saini.