Kidonge Kinachofichwa Bwenini

Katika shule za sekondari za bweni wamo wanafunzi waliozaliwa na virusi vya UKIMWI, ambao kila siku hawana budi kumeza dawa, kwa kawaida kidonge kimoja. Kukimeza ni kazi ya nukta chache. Kukimeza mbele ya macho ya wenzao arobaini ni jambo jingine. Basi kijana hukitoa koponi, maana kopo hulia likitikiswa, akakiviringa katika karatasi na kungoja taa zizimwe. Siku akikosa nafasi, hakimezi.

Yafuatayo mwilini yanajulikana: dawa hupungua katika damu, virusi huzaliana upya, na huenda vikajenga usugu. Lakini ni kosa kuanzia hesabu hapo. Aghalabu chanzo ni hofu, aibu na upweke. Mwenye sonona hupoteza hamu ya chakula na ya masomo. Hamu ya dawa ataitoa wapi? Tena huo ndio umri wa mapenzi ya kwanza. Kijana hujiuliza kama atapendwa, kama ataoa au kuolewa, kama atazaa. Akiamini kwamba mwili wake ni sumu, haoni sababu ya kuutunza.

Hapo ndipo somo la Biolojia lingeweza kuwa tiba. Mwaka 2011 utafiti uitwao HPTN 052, uliohusisha jozi 1,763 za wenzi katika nchi tisa, Kenya ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba kuanza matibabu mapema kulipunguza maambukizo kwa mwenzi kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zilikwenda mbali zaidi: atumiaye dawa barabara, hata virusi visionekane katika vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. (Kondomu ingali na kazi yake, kwa sababu ya kisonono, kaswende na mimba.) Ni walimu wangapi wamekwisha kulitamka hilo darasani?

Mjini Moshi, programu ya Sauti ya Vijana iliwakutanisha vijana wanaoishi na virusi katika vikundi vilivyoongozwa na vijana wenzao waliopewa mafunzo. Mfadhaiko, unyanyapaa na mahusiano yalizungumzwa katika mpango mmoja, kama yanavyokaa pamoja ndani ya kijana mmoja.

Shule haihitaji fedha nyingi kuifuata njia hiyo. Yatosha chumba chenye mlango unaofungwa, saa isiyozua maswali, na mwalimu mlezi ajuaye kutunza siri. Wapo wasemao kwamba majina yafahamike ili wengine wajikinge. Hoja hiyo haina msingi wa kisayansi, kwani virusi hivyo haviambukizi kwa kulala chumba kimoja wala kwa kula sahani moja. Mwanafunzi atakayetajwa mstarini leo huenda kesho akavitupa vidonge vyake chooni, na hapo ndipo hatari huanza, kwake yeye kwanza.