Kalamu Isiyo na Wino: Mwandiko wa Mkono katika Taaluma za Kiswahili

Mwezi Septemba 2011, katika maonyesho ya vifaa vya kielektroniki mjini Berlin, kampuni ya Samsung ya Korea Kusini ilitangaza simu iitwayo Galaxy Note. Kioo chake, kikipimwa kwa mshazari, kilikuwa cha inchi 5.3, ukubwa ambao wakati huo ulionekana kuwa kichekesho, na ndani ya mwili wake ilichomekwa kalamu. Miaka minne kabla, Januari 2007, Steve Jobs alipokuwa akiizindua iPhone alikwisha kuibeza kalamu ya namna hiyo mbele ya hadhira, akadai kwamba kidole, ambacho kila mtu huzaliwa nacho, ndicho kifaa bora. Hoja yake haikukosa msingi. Newton, kifaa cha kampuni yake mwenyewe kilichotoka 1993 na kuachwa 1998, kilikuwa kimekwisha kuwa mfano wa mashine isiyojua kusoma mwandiko wa binadamu. Hata hivyo kalamu haikufa. Apple yenyewe ilitoa kalamu ya iPad 2015. Na jina la Note lilipokoma baada ya toleo la 2020, kalamu ilihamishiwa katika Galaxy S22 Ultra ya 2022. Hata fedheha ya Note 7, iliyoondolewa sokoni 2016 kwa sababu betri zake zilishika moto, haikuiua.

Aghalabu mtaalamu wa lugha hulichukulia jambo hili kuwa la wafanyabiashara na wachoraji. Huo ni mtazamo finyu. Kifaa kinachorudisha mkono katika kazi ya kuandika, baada ya miongo kadhaa ya kubonyeza vitufe, kinagusa moja kwa moja taaluma ambayo sehemu kubwa ya hazina yake ya kale imo katika miswada ya mkono.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi kalamu hii inavyofanya kazi, kwani humo ndimo ilimo thamani yake. Haihitaji umeme wake yenyewe ili iandike. Chini ya kioo pametandazwa nyaya nyembamba zinazotoa uga wa sumaku. Ndani ya kalamu mna koili inayoupokea uga huo na kuujibu, na kwa jibu hilo simu hujua ncha iko wapi na imekandamizwa kwa nguvu kiasi gani. Note ya kwanza iliweza kutofautisha viwango 256 vya mgandamizo. Note 8 ya 2017 ilifikia 4,096. Kwa hiyo kinachoweza kunaswa si umbo la herufi peke yake. Hunaswa pia mfuatano: mstari upi ulitangulia, mkono ulisita wapi, nukta iliwekwa lini. Karatasi huonyesha alama iliyobaki, ilhali kalamu hii huweza kuonyesha tendo lenyewe la kuandika.

Kwa mtafiti wa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, tofauti hiyo si ndogo. Hati hizo zina irabu tatu za Kiarabu zinazobeba irabu tano za Kiswahili, na katika desturi ya zamani herufi moja ya *be* iliweza kusimama mahali pa b, p na hata mb. Maneno *baba*, *papa*, *bamba* na *pamba* huweza kuonekana sawasawa machoni, na ni msomaji anayeijua lugha tu atakayeyatenga. Waandishi wa pwani walijitahidi kuziba pengo hilo. Sheikh Al-Amin Mazrui wa Mombasa, katika machapisho yake ya miaka ya 1930, alitumia herufi zilizorekebishwa. Na kazi za Muhamadi Kijuma wa Lamu, mnakili aliyefariki 1945, zinaonyesha jinsi mnakili mmoja alivyoweza kuwa na mtindo wake wa alama na nukta. Atakayetaka kuyanakili haya kwa vitufe hulazimika kuchagua kutoka katika herufi ambazo mtengeneza programu alizikumbuka. Kalamu haimpi sharti hilo. Huchora nukta tatu pale alipoziweka mnakili, na akiwa na shaka, huichora shaka yake pembeni.

Hapo ndipo panapoingia hatari, nayo haitoki kwenye kalamu bali kwenye programu iliyo nyuma yake. Simu hizi huweza kuugeuza mwandiko kuwa herufi za chapa, na wengi huiona huduma hiyo kuwa ndiyo faida kuu. Lakini mashine haisomi umbo tu. Hukisia neno kwa kutegemea lugha iliyofunzwa. Ikielekezwa kusoma Kiarabu, itaelekea kutafuta maneno ya Kiarabu katika utenzi wa Kiswahili. Ikiwa imefunzwa kwa matini za Kiswahili sanifu, mtafiti aliyeandika *ndia* na *mato* kama alivyoyasikia Lamu aweza kukuta *njia* na *macho*, bila alama yoyote ya kumjulisha kwamba pamebadilishwa. Lahaja itakuwa imesahihishwa kabla haijachunguzwa. Mhariri wa kibinadamu aliyefanya hivyo katika karne iliyopita alilaumiwa, na ilikuwa haki alaumiwe. Mashine haina sababu ya kusamehewa.

Kuhusu istilahi hapana haja ya kupoteza wino mwingi. *Kishikwambi* kilihitajika kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kipya, na jina likaenea kwa kasi, hasa vifaa hivyo vilipotumika katika Sensa ya Tanzania ya 2022. Lakini *kalamu* imekwisha kupita kutoka tete hadi unyoya, chuma na plastiki bila kubadili jina. Kutohoa neno jingine ni ubadhirifu.

Yamkini itajibiwa kwamba simu hizi ni za bei ya juu mno kwa mwanafunzi wa uzamili, na jibu hilo ni la kweli. Idara inayodai utafiti wa miswada haina budi kununua chache na kuziazimisha kama inavyoazimisha vinasa sauti. Swali gumu zaidi ni la uhifadhi. S Note, programu ya madokezo ya Samsung ya miaka ile ya mwanzo, nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na Samsung Notes, na tasnifu huishi muda mrefu kuliko programu. Mwezi uleule wa Septemba 2011, shirika la W3C lilipitisha InkML, muundo huru wa kuhifadhi michoro ya kalamu pamoja na wakati na mgandamizo wake. Mtahini anayepokea nakala ya muswada iliyofanywa kwa kalamu hii ana haki ya kudai faili ya michoro katika muundo wa namna hiyo iambatanishwe na matini ya chapa, na kuikataa kazi inayoleta matini ya chapa peke yake.