Tupime Kwanza, Ndipo Tusifu

Kila kukicha jani la mgomba hufanya kazi iliyowahangaisha wanakemia kwa zaidi ya miaka 40: hutwaa hewa ya kaboni dayoksaidi na maji, na kwa nguvu ya jua huvigeuza kuwa chakula. Mwaka 1979 wataalamu wa Japani, Inoue, Fujishima, Konishi na Honda, walitangaza kwamba unga wa madini fulani, ukiwa ndani ya maji yenye hewa hiyo na kumulikwa, ulitoa asidi ya fomiki, fomaldehidi na methanoli. Methanoli huwaka kama mafuta na pia ni malighafi ya viwanda. Basi matumaini yakazaliwa, na hadi leo hayajafa.

Namna yake ni hii. Nuru inapoipiga chembe ya kichocheo, kwa mfano oksaidi ya titani, elektroni hung'oka mahali pake na kuacha pengo. Elektroni hiyo yaweza kuingia katika kaboni dayoksaidi na kuanza kuibadili. Lakini mara nyingi hurudi penye pengo kabla ya kufanya kazi yoyote, na nguvu ya nuru ikapotea kuwa joto. Ndiyo maana chembe hufanywa ndogo mno, kiasi cha nanomita 10. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Humo safari ya elektroni hadi nje ni fupi. Tena mchemraba wa sentimita 1 una eneo la sentimita za mraba 6 tu. Ukikatwa kuwa michemraba ya nanomita 10, eneo lote hufikia mita za mraba 600.

Hata hivyo vikwazo ni vikubwa. Oksaidi ya titani hutumia mionzi ya urujuanimno peke yake, ambayo ni kama sehemu 5 kwa 100 za nguvu ya jua. Molekuli moja ya methanoli huhitaji elektroni 6, na maji nayo huzigombania ili yatoe hidrojeni. Kwa hiyo mazao ni haba, aghalabu ya kupimwa kwa sehemu za milioni za gramu.

Uhaba huo ndio unaonitia shaka. Chembe hizi mara nyingi hutengenezwa kwa vimiminika vyenye kaboni, na mabaki yake hung'ang'ania juu yake. Nuru ikiyavunja, hutoka methani au kaboni monoksaidi, na mtafiti hudhani ameigeuza hewa. Kinga yake inajulikana: atumie kaboni dayoksaidi yenye kaboni-13, iliyo nzito kidogo kuliko kaboni ya kawaida. Kaboni-13 isipoonekana katika mazao, hakuna cha kujivunia.

Maoni yangu basi ni haya. Sisi tuna jua tele Dodoma na Singida, na huko Rungwe hewa hiyo hutoka yenyewe ardhini. Hapana sababu ya kuwa watazamaji. Lakini fedha za utafiti ni chache. Shilingi ya kwanza isinunue mtambo uliosifiwa na muuzaji. Inunue ala za kupimia, na iwasomeshe vijana wa kuzitumia na kuzitengeneza ziharibikapo. Wako watakaosema kwamba kuhakiki kazi za wengine ni kubaki nyuma. Sivyo. Asiyeweza kupima hana budi kuamini kila aambiwalo, na huko ndiko kubaki nyuma. Zaidi ya hayo, maabara hiyo itatufaa hata kichocheo kikishindwa, kwani itapima maji ya visima, dawa na mbolea.

Wakati huohuo dunia humwaga hewani zaidi ya tani bilioni 35 za kaboni dayoksaidi kila mwaka kutokana na makaa, mafuta na gesi. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Utafiti uendelee, lakini usiwe udhuru wa kufyeka misitu wala wa kuchoma mafuta ovyo.