Swali la Faida na Hesabu za Nadharia

Imekuwa desturi kwa baadhi ya wenye dhamana ya elimu kuuliza, kila hesabu za nadharia zinapotajwa: zitatuletea nini mwaka huu? Swali hilo lina haki yake, maana fedha za umma si za kuchezea. Lakini lisiachwe kuwa swali la pekee.

Mwaka 1952 Mwingereza Alan Turing alichapisha makala juu ya namna viumbe wanavyopata maumbo. Kila mtu ajua kwamba tone la wino likitiwa majini husambaa hadi rangi ikalingana kote. Turing alionyesha kwa milinganyo kwamba kusambaa huko huko kwaweza kuleta kinyume chake. Kemikali mbili, moja ikichochea na ya pili ikizuia, zaweza kujipanga zenyewe kuwa madoa au mistari, mradi kichocheo kiende polepole na kizuizi kiende upesi.

Turing alifariki mwaka 1954. Madoa hayo yalipatikana katika maabara ya Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1990, yaani miaka 38 baada ya makala. Tena yalisaidiwa na wanga uliotiwa ili kuonyesha rangi tu, kumbe ulikuwa ukiinasa iodini na kuipunguzia mwendo! Afisa ambaye angedai faida mwaka 1953 angefunga faili.

Ndani ya seli hai hakuna wanga wa maabara. Kazi ya kuchelewesha yaweza kufanywa na utando, kwani protini iliyonata juu yake huenda polepole mno kuliko inayoelea katika majimaji ya seli. Katika bakteria Escherichia coli, protini MinD hunata kwenye utando na kuvuta nyingine za aina yake. MinE huibandua, nayo husafiri kunata kwenye ncha ya pili. Safari hiyo ya kwenda na kurudi huchukua kama dakika moja. Kwa kuwa MinD hufuatana na protini inayozuia kugawanyika, na hukaa zaidi kwenye ncha, bakteria hugawanyika katikati. Hayo ni mawimbi, si madoa yaliyotulia, lakini hesabu zake ni za ukoo ule ule. Mwaka 2008, huko Dresden, Ujerumani, protini hizo mbili ziliwekwa juu ya utando wa kutengenezwa pamoja na kemikali ya kuzipa nguvu, na mawimbi yakazuka.

Shuleni, hata hivyo, utando ni mstari wa kuzungushia mchoro wa seli, na mlingano ni wa kujibia mtihani. Wakuu wa shule wangeweza kuanza kwa kuwapa mwalimu wa baiolojia na wa hesabu kipindi kimoja cha pamoja kwa juma. Karatasi ya miraba na penseli vyatosha kwa somo la kwanza.