Kabla ya Kuamini Takwimu za Methani, Tuvipime Vipimo

Novemba 2021, kwenye mkutano wa tabianchi uliofanyika Glasgow, Marekani na Umoja wa Ulaya ziliongoza nchi zaidi ya 100 kutoa ahadi: ifikapo mwaka 2030, methani inayotokana na shughuli za binadamu duniani iwe imepungua kwa angalau asilimia 30, ikilinganishwa na kiwango cha 2020. Tangu hapo nchi zilizojiunga zimepita 150. Sababu ya ahadi hiyo haina ubishi. Katika kipindi cha miaka 20, tani moja ya methani huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya hewa ukaa, lakini haidumu angani kwa karne nyingi; nyingi yake huisha baada ya miaka kumi na kitu. Anayeziba bomba linalovuja leo ataiona nafuu yake akiwa hai.

Lakini asilimia 30 ya nini? Ahadi nzima inaegemea kiwango cha 2020, na sehemu kubwa ya kiwango hicho haikupimwa. Ilikokotolewa.

Ukokotoaji wenyewe huenda hivi. Afisa anahesabu vifaa: visima vingapi, valvu ngapi, kampresa ngapi. Kila kifaa kinapewa wastani wa uvujaji kutoka kwenye jedwali, kisha anazidisha na kujumlisha. Ng'ombe nao wanahesabiwa hivyo hivyo. Mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi, unampa ng'ombe wa maziwa wa Amerika Kaskazini kilo 128 za methani kwa mwaka. Ng'ombe asiye wa maziwa wa Afrika na Mashariki ya Kati anapewa kilo 31, awe amenenepa kwa majani ya masika au amekonda akitembea kutwa kutafuta malisho wakati wa kiangazi. Njia hii ni nafuu, na kwa nchi isiyo na vifaa ni mahali pa kuanzia. Kasoro yake ni kwamba jedwali haliwezi kujua bomba lililopasuka jana usiku.

Ukubwa wa kasoro hiyo ulidhihirika mwaka 2018, pale Ramón Alvarez na wenzake walipochapisha utafiti wao katika jarida la Science. Waliunganisha vipimo vya ardhini na vya ndege kutoka maeneo mbalimbali ya mafuta na gesi nchini Marekani, wakakuta kwamba methani iliyovuja mwaka 2015 ilizidi makadirio ya mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, EPA, kwa takriban asilimia 60. Inaelekea sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na hitilafu: tangi ambalo mfuniko wake umebaki wazi, valvu iliyokwama, mashine iliyoharibika. Wastani wa jedwali hauna nafasi ya hitilafu.

Wengi wakahitimisha kwamba dawa ni kwenda kupima kwenye chanzo chenyewe. Nakubaliana nao, ila sharti moja muhimu lisisahaulike: kifaa cha kupimia nacho lazima kipimwe kwanza, na kipimwe na mtu asiyekiuza.

Kisa kimoja kinatosha kuonyesha hatari iliyopo. Kuna kifaa ambacho fundi hukibeba hadi penye uvujaji. Kinavuta hewa yote iliyo karibu kwa mpira, kinapima kasi ya hewa hiyo na kiasi cha methani kilichomo. Ndani yake mna vihisi viwili, kimoja cha gesi kidogo na kingine cha gesi nyingi, na kifaa kinatakiwa kuhama chenyewe kutoka cha kwanza kwenda cha pili. Mwaka 2015 Touché Howard, mhandisi aliyeshiriki kubuni teknolojia hiyo, alichapisha hoja kwamba mara nyingine kifaa hakihami, hivyo uvujaji mkubwa unaandikwa kuwa mdogo. Alidai kwamba dosari hiyo iliathiri utafiti mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Texas wa mwaka 2013. Watafiti wa Texas walipinga na kutetea matokeo yao. Ubishi huo ulizuka miaka miwili baada ya takwimu kutoka, wakati zilikuwa zimekwisha kutumiwa na pande zote kwenye mjadala wa sera. Ulipaswa kumalizwa kwenye uwanja wa majaribio kabla ya kifaa kupelekwa kwenye kisima cha kwanza.

Uwanja wa aina hiyo sasa upo. Huko Fort Collins, Chuo Kikuu cha Colorado State kina kituo kiitwacho METEC. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni mtambo wa gesi: kuna vichwa vya visima, matangi, vitenganishi na mabomba, vyote vikiwa vifaa halisi vya kazi hiyo. Chini yake hakuna kisima. Gesi inatoka kwenye hifadhi maalumu, inapita kwenye mita, kisha inapelekwa kwa vibomba vyembamba vilivyofichwa hadi kwenye ungio la valvu au mfuniko wa tangi, itokee hapo kana kwamba imevuja yenyewe. Waliokuja kujaribiwa hawaambiwi gesi imefunguliwa saa ngapi, wapi wala kiasi gani. Wanatoa majibu yao, ndipo yanalinganishwa na mita.

Majaribio ya namna hii yamefundisha mambo ambayo vipeperushi vya wauzaji havisemi. Utafiti uliofanywa METEC na kuchapishwa mwaka 2020 uliwahusu mafundi wanaotafuta uvujaji kwa kamera za infraredi, njia inayokubaliwa na sheria nyingi. Mafundi wenye uzoefu mkubwa waligundua uvujaji mara 1.7 zaidi ya wenzao. Tofauti ilikuwa kwa aliyeishika kamera. Kwa hiyo sheria inayotaja kamera bila kutaja mafunzo ya fundi imeacha nusu ya kazi.

Setilaiti nazo zimefanyiwa mtihani huo. Mwaka 2021 watafiti wa Stanford waliachia methani kwa vipimo jangwani Arizona huku setilaiti tano zikipita juu, nao wachambuzi wa picha wakiwa hawajui kiasi kilichoachiwa. Robo tatu ya makadirio yao yalikuwa ndani ya asilimia 50, juu au chini, ya kiasi halisi. Uvujaji mdogo kabisa uliogunduliwa ulikuwa wa kilo 200 hivi kwa saa. Kwa chombo kilicho mamia ya kilomita juu ya ardhi, hayo ni mafanikio makubwa. Lakini valvu inayovuja kilo moja kwa saa, mchana na usiku, mwaka mzima, setilaiti hizo haziioni. Tena jangwani mawingu ni machache; pwani ya Lindi na Mtwara wakati wa masika hali ni nyingine kabisa.

Wapo wenye shaka na viwanja vya majaribio, na hoja zao zina uzito. Wanasema gesi ya uwanjani hutoka kwa mtiririko uliopangwa, wakati tangi halisi linaweza kutulia asubuhi nzima kisha likatoa gesi nyingi kwa dakika chache. Wanasema pia kwamba kampuni inaweza kurekebisha kifaa chake kifaulu mtihani tu. Ni kweli. Lakini kasoro hizo zinataka mtihani ufanywe kuwa mgumu zaidi na urudiwe kila baada ya muda. Kifaa kilichoshindwa uwanjani, ambako hali ilikuwa rahisi, hakina sababu ya kuaminiwa porini.

Mambo haya yanatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Jijini Nairobi, kituo cha Mazingira cha taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, kina vyumba maalumu ambamo ng'ombe huingizwa na pumzi yake kupimwa. Vyumba vya aina hii navyo hukaguliwa kwa kuachia humo gesi ya kiasi kinachojulikana na kutazama kama mashine itaihesabu yote. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020, maksai wa Boran walipunguziwa chakula hadi chini kabisa ya mahitaji ya mwili. Methani yao ya siku ilipungua, lakini methani kwa kila kilo ya chakula ikaongezeka. Njaa hiyo ndiyo maisha ya ng'ombe wetu wengi kila kiangazi, na jedwali lenye wastani mmoja kwa mwaka mzima haliwezi kuisemea.

Kwenye gesi, Ulaya ilipitisha mwaka 2024 kanuni inayotaka methani ipimwe kwenye chanzo na kwenye eneo zima la mtambo, na ambayo hatimaye inawabana hata wanaoingiza gesi kutoka nje. Tanzania, inayotarajia kuchakata na kusindika gesi asilia Lindi kwa ajili ya soko la dunia, itaulizwa takwimu zake zilipatikanaje. Afadhali jibu tuwe nalo wenyewe.

Tunao mfano hapa nyumbani. Wakala wa Vipimo wa Tanzania hauchukui neno la mwenye kituo cha mafuta. Mkaguzi anakwenda na chombo chenye ujazo unaojulikana, anajaza, analinganisha, ndipo anabandika stika. Methani inastahili utaratibu huo huo. Kinachohitajika kuanza si setilaiti. Ni mitungi ya gesi, mita iliyohakikiwa, eneo la wazi na watumishi wanaoweza kutunza siri ya jibu. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yakishirikiana na vyuo vikuu, yanaweza kuanzisha uwanja mmoja kwa ajili ya ukanda mzima. EWURA na PURA, mamlaka za Tanzania zinazosimamia nishati na petroli, zinaweza kukataa taarifa yoyote ya uvujaji isiyotaja njia iliyotumika, mahali ilipojaribiwa na uvujaji mdogo kabisa inaoweza kugundua. Na matokeo ya majaribio yote yachapishwe, ya waliofaulu na ya walioshindwa.

Inajulikana nani ataibeba gharama ya kutofanya hivyo. Takwimu ikiwa chini ya ukweli, mtambo unaendelea kuvuja na mwenye mtambo anasifiwa. Ikiwa juu ya ukweli, mfugaji anabebeshwa lawama ya gesi ambayo ng'ombe wake hakuitoa, au anauziwa mradi wa kaboni ambao faida yake haipo. Katika hali zote mbili anayeumia ni yule asiye na kifaa cha kubishia. Serikali zilizojiunga na ahadi ya 2021 zina wajibu wa kumpa kifaa hicho, kikiwa kimekwisha kupimwa.