Aliyekataa Kuua Si Msaliti

Kila Februari 27 watu wa Ruvuma tunakusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ni haki yao, na watoto wetu waendelee kwenda. Lakini aliyepewa bunduki akasema "siui", huyo tumemfanyia nini? Tumemwita mwoga, basi. Ni dhuluma, nami sitainyamazia.

Teremka kutoka Kingerikiti hadi Mbamba Bay, utazame ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Kule, maeneo ya Bandawe, mwaka 1908 Elliot Kamwana alihubiri mafundisho ya Watch Tower na kubatiza maelfu kwa maelfu. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja na mchungaji John Chilembwe akawaasi Waingereza Januari 1915, Kamwana hakushika silaha. Waingereza walimkamata hata hivyo, wakampeleka Mauritius, kisha Ushelisheli. Hakurudi kwao hadi mwaka 1937. Zaidi ya miaka ishirini, kwa mtu ambaye hakumwaga damu ya yeyote!

Wafuasi wa imani hiyo upande wa Rhodesia ya Kaskazini, karibu na mpaka wetu, walikataa kubebeshwa mizigo ya jeshi. Walikamatwa, akiwemo mhubiri wao Hanoc Sindano. Nani angewalaumu? Mpagazi alitwishwa mzigo wa kilo 25 hivi, akalishwa unga ulioiva nusu, akaharisha damu njiani, akaachwa pembeni na msafara ukasonga. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa ni zaidi ya 90,000. Mtu aliyekataa kuingia kwenye kinu hicho alikuwa na akili timamu kuliko majenerali wote wawili, von Lettow wa Wajerumani na Smuts wa Waingereza.

Huko Uingereza kwenyewe, Waquaker, ndugu wa imani wa hawa Marafiki waliojaa Kenya magharibi tangu misheni ya Kaimosi ya 1902, nao walikataa. Juni 1916, kambini Boulogne, Howard Marten, karani wa benki, alisimamishwa mbele ya wanajeshi waliopangwa gwaride. Ofisa akasoma: adhabu ya kifo kwa kupigwa risasi. Akanyamaza. Akasoma kwamba Jenerali Haig ameithibitisha. Akanyamaza tena. Ndipo akasema imebadilishwa kuwa kifungo cha miaka kumi na kazi ngumu. Wanaume 35 walifanyiwa hivyo, Waquaker wakiwa miongoni mwao. Ukatili ule sina neno la kuutetea. Hata hivyo, sheria ya Uingereza ya 1916 ilimpa Mwingereza baraza la kusikiliza dhamiri yake, japo baraza lenyewe mara nyingi lilimdhihaki. Mwafrika wa Nyasaland, Malawi ya leo, nani alimwuliza dhamiri yake?

Nitaulizwa: kama wote wangekataa, nani angemtoa Idi Amin Kagera? Swali zuri, na waliokwenda Kagera nawavulia kofia. Lakini wote hawakatai, hawajawahi kukataa popote duniani. Na anayekataa kuua hakatai kutumika: Waquaker wengi walibeba majeruhi kwenye magari ya wagonjwa huku mabomu yakidondoka. Mpe machela, mpe hospitali, mpe shamba. Usimpe pingu.

Uchungu wangu mkubwa ni kwamba tulipojitawala tulirithi pingu zilezile. Malawi ya Kamuzu Banda iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova, wenye chimbuko katika Watch Tower ileile, mwaka 1967, na kwa kukataa kadi ya chama wakapigwa na kuchomewa nyumba hadi maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Eritrea ilifanya vibaya zaidi. Septemba 1994 iliwafunga Paulos Eyasu, Isaac Mogos na Negede Teklemariam kwa kukataa jeshi. Mwezi uliofuata Rais Isaias Afwerki akawavua Mashahidi wote uraia. Vijana hao watatu walitoka Desemba 2020. Miaka 26, bila kesi, bila hakimu! Na marais wetu wakaendelea kupeana mikono na Asmara kana kwamba hakuna kitu.

Katiba yetu, ibara ya 19, inalinda uhuru wa imani. Bunge liseme sasa, kabla vita haijabisha hodi, kwamba anayekataa silaha kwa imani atapewa kazi nyingine ya taifa bila kufungwa. Na watunga mitaala waliandike jina la Kamwana katika somo la historia, kwenye ukurasa uleule wa Chilembwe.